Tiketi za Desemba tulizokata Julai

Ukikaa kwenye baraza ya duka pale Kashaulili, katikati ya mji wa Mpanda, utajua likizo imefika hata kama hujatazama kalenda. Wanafunzi wa bweni wanapita na matranka juu ya bodaboda, magodoro yamefungwa kwa kamba, na wazazi wanaulizana swali moja: “Mwaka huu mnaenda?”

Nyumbani kwetu swali hilo lilikuwa na jibu lile lile kila mwaka. “Tunaenda, tunasubiri nauli ishuke kidogo.” Leo nataka nimweleze mzazi mwenzangu jibu hilo lilitugharimu nini.

Kwa asiyeifahamu Mpanda, ndiyo makao makuu ya Mkoa wa Katavi, mkoa uliomegwa kutoka Rukwa mwaka 2012. Kutoka hapa hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 1,000. Kwa miaka mingi njia yetu kubwa ilikuwa treni, kwa tawi la reli la kilomita 210 kutoka Kaliua, ambalo wakoloni walilijenga kwa ajili ya mgodi wa madini ya risasi. Mgodi ulikwisha, reli ikabaki ikibeba watu, mahindi na mpunga. Siku hizi kuna lami hadi Tabora kupitia Sikonge, mabasi yameruhusiwa kutembea usiku tangu mwaka 2023, na ndege inatua hapa hapa mjini. Kinachotusumbua sasa ni kuchagua njia na kuamua lini tutoe fedha.

Mke wangu ni mtu wa Muheza. Baba yake, ambaye watoto wetu walimwita Babu, waliijua sauti yake kwa simu tu. Mwaka juzi, mwezi wa Agosti, mzee alimwambia binti yake, “Desemba niletee wajukuu niwaone.” Tukaahidi.

Fedha tulikuwa nazo. Mpunga wetu wa Mwamkulu tulikuwa tumeuuza Julai. Nikatazama nauli ya ndege kwenye simu, nikaona inabebeka kwa watu watano, ila mbili, tatu. Nikasema tusubiri, huenda ikapungua. Oktoba nikatazama tena, imepanda. Nikasema itashuka, ndege haiwezi kuruka tupu. Novemba mwishoni ilikuwa karibu mara mbili ya ile ya Agosti, na siku tuliyoitaka zilibaki nafasi mbili. Fedha nayo ilikuwa imeshaingia kwenye mbolea na mbegu. Basi la moja kwa moja nalo lilikuwa limejaa kwa wiki nzima. Tukampigia mzee simu. “Babu, tutakuja Juni.” Akasema hakuna neno.

Machi tukaitwa msibani. Tiketi ya siku hiyo hiyo haina mjadala wa bei. Tulisafiri wawili, mimi na mke wangu, kwa fedha ya kukopa ambayo kwa hesabu ya Agosti ingetosha kuwapeleka watoto wote. Watoto walibaki kwa jirani. Babu yao walimuona kwenye picha tuliyorudi nayo.

Sisemi haya ili msomaji atuonee huruma. Nayasema kwa sababu kosa letu lilikuwa la hesabu, na wazazi wengi ninaowafahamu wanalifanya kila mwaka.

Kosa la kwanza ni kudhani nauli ya ndege ni kama bei ya nyanya sokoni, kwamba jioni muuzaji atashusha ili zisimwozee. Ndege haiuzwi hivyo. Viti vya ndege moja hugawanywa kwenye mafungu ya bei. Fungu la chini lina viti vichache, likiisha linafunguliwa la juu yake, kisha la juu zaidi. Anayekata siku za mwisho mara nyingi ni mtu wa kazi, wa msiba au wa hospitali, ambaye lazima aende, na bei inamsubiri. Ofa za ghafla zipo, lakini huja zaidi kwenye miezi ambayo watu hawasafiri. Wiki ambayo shule zote nchini zimefungwa siyo wiki ya kutegemea ofa.

Wanaokumbuka Fastjet watanielewa. Ilipoanza safari zake hapa nchini Novemba 2012, tangazo lililovuma lilikuwa la nauli ya kuanzia Sh32,000 kabla ya kodi. Haikufika Mpanda, lakini tuliokuwa na ndugu Mwanza na Kilimanjaro tulisikia hadithi mbili. Mmoja alisema amesafiri kwa bei ya basi, mwingine akasema ameulizwa mara tano ya ile ya tangazo. Wote walikuwa wakweli. Wa kwanza alikata mapema, wa pili alifika dirishani wiki ya safari.

Kosa la pili ni la sisi wakulima na wafanyabiashara wa mazao. Fedha yetu ina msimu. Mpunga, mahindi na tumbaku hutupa fedha katikati ya mwaka. Likizo ndefu ya watoto ni Desemba, mwezi ambao huku mvua imeshika, shamba linadai kila kitu, na Januari inasubiri na daftari zake, sare na michango. Ukiiacha safari ya Desemba ingoje fedha ya Desemba, hutasafiri. Kwa hiyo kwetu tiketi ya Desemba inunuliwe pale mzigo unapouzwa, kabla fedha haijapata kazi nyingine. Kwa mtumishi anayelipwa kila mwezi ni kibubu cha kuanzia Juni.

Mtu ataniuliza, je, nikikata mapema halafu ratiba ibadilike? Ni swali zuri, na ndiyo sababu ya kuanza na kalenda ya masomo kabla ya kutazama bei. Tarehe za kufunga na kufungua shule hutangazwa na serikali kwa mwaka mzima. Mwenye mtoto wa darasa la saba anajua mtihani ni Septemba, wa kidato cha nne anajua ni Novemba. Shule za binafsi na za bweni zinaweza kuwa na siku zao, kwa hiyo muulize mwalimu mkuu, usikisie. Acha siku mbili tatu baada ya kufunga. Siku hizo chache zinakukinga na mabadiliko, na mara nyingi nauli ya katikati ya wiki ni nafuu kuliko ya Ijumaa.

Kabla ya kulipa, soma masharti ya tiketi, hata kama ni marefu. Tiketi ya bei ya chini kabisa huwa ngumu kubadilisha tarehe, au hubadilishwa kwa kulipia. Tazama kilo za mzigo, maana mchele wa kumpelekea Bibi nao unapimwa. Andika jina la mtoto kama lilivyo kwenye cheti cha kuzaliwa, siyo lile la nyumbani. Na kwa mwenye mtoto mchanga, mtoto aliye chini ya miaka miwili anayepakatwa hulipa sehemu ndogo tu ya nauli, lakini akitimiza miaka miwili mkiwa huko safarini, wakati wa kurudi anahitaji kiti chake. Wetu wa mwisho alikuwa na mwaka mmoja na miezi kumi. Tulipopiga hesabu hiyo tukasogeza siku ya kurudi.

Hesabu ya safari nayo haiishii uwanja wa ndege. Ukishuka Dar bado kuna basi la Muheza, chakula cha njiani na pengine kulala. Familia kubwa inaweza kuona ni bora kwenda kwa basi hadi Dodoma, kisha kupanda treni ya umeme hadi Dar, ambayo ilianza safari zake kati ya miji hiyo Julai 2024. Nauli ya daraja la kawaida ilipangwa kuwa Sh31,000, na mtoto wa miaka minne hadi 12 nusu yake. Nauli yake haikutishi, lakini nafasi za sikukuu huisha haraka, kwa hiyo nayo ikatwe mapema.

Mwaka jana tulifanya hivi. Juni tulikaa mezani, tukaandika kwenye karatasi nauli ya juu kabisa tunayoiweza kwa watu watano, kwenda na kurudi. Tukakubaliana kwamba siku tutakapoiona bei iliyo chini ya hapo, tunalipa na hatutazami tena. Mpunga ukauzwa wiki ya pili ya Julai. Jioni ile ile tulilipa kwa simu, na ujumbe wa tiketi ukaingia watoto wakiwa wanakula. Baadaye jirani aliniambia ameona bei ya chini kidogo kuliko yetu. Nilimjibu kuwa yetu ilikuwa chini ya ile ya kwenye karatasi.

Mke wangu akampigia mama yake. Bibi, kama kawaida yake, akauliza, “Mtakuja kweli, au ni maneno ya simu?” Safari hii alimsomea tarehe, siku na saa ya kutua. Bibi akamwambia asubiri kwanza, amwite mjukuu anayekaa naye aje aandike ukutani kwa mkaa.

Desemba tulipofika Muheza, maandishi yalikuwa bado yapo, karibu na mlango wa jiko.