Usiku wa Mstari Mmoja

Mwaka 2006 nilikuwa mtunza hifadhidata katika ofisi moja ya Dar es Salaam iliyotoa ankara kila mwisho wa mwezi. Siku hizo PostgreSQL yetu ilijua hali ya majedwali pale tu tulipoiagiza ikague. Saa nane usiku amri ya ANALYZE ilijiendesha: inachota sampuli ya mistari, inaandika thamani zipi zinajirudia sana na nyingine zimetawanyikaje (ndiyo histogramu). Swali likija, mpangaji, sehemu ya PostgreSQL inayochagua namna ya kulijibu, huamua njia kwa kusoma takwimu hizo.

Usiku mmoja usomaji wa mita ulichelewa, tukauingiza saa tisa, ANALYZE imeshapita. Ripoti ya dakika mbili ikakwama. Nilipouliza kwa EXPLAIN, amri inayoonyesha makadirio ya mpangaji, jibu lilikuwa rows=1. Histogramu iliishia mwezi uliopita, kwa hiyo mpangaji aliamini mwezi mpya una mstari mmoja, na kwa kila mstari akawa anapekua jedwali la pili upya. Mistari ilikuwa 400,000. Adhana ya alfajiri ilinikuta hapo hapo. Nikaisimamisha ripoti, nikaandika ANALYZE, nikaianzisha tena. Dakika mbili.

Toleo la 8.3 lilipotoka mwaka 2008, autovacuum, huduma inayoendesha ANALYZE yenyewe bila kuagizwa, ilikuja ikiwa imewashwa. Mwaka uliofuata 8.4 ikapandisha sampuli ya kawaida kutoka mistari 3,000 hadi 30,000. Nilifurahi, nikafuta ratiba yangu ya usiku. Niliharakisha. Autovacuum husubiri asilimia 10 ya jedwali ibadilike, na la kwetu lilikuwa limefika mistari milioni 20. Mistari ya mwezi mmoja haikutosha kuiamsha. Nikashusha kiwango cha jedwali hilo hadi asilimia 1.

Toleo la 10, mwaka 2017, liliniondolea kero nyingine. Ukitafuta wateja wa Temeke, mkoa wa Dar es Salaam, mpangaji alizidisha uwezekano wa wilaya kwa uwezekano wa mkoa, kana kwamba Temeke ingeweza kuwa Mwanza. Kwa CREATE STATISTICS tukaweza kumwambia kwamba safu hizo mbili hufuatana.

Wewe unayeingiza data kwa wingi, andika ANALYZE palepale chini ya amri ya kuingiza. Autovacuum kwa kawaida hupumzika dakika nzima kabla ya kuzunguka tena, na ripoti yako haitaisubiri.