Niliufungia mbuyu wa marehemu baba sebuleni!

Mpenzi msomaji, wiki hii nina la kuungama. Mimi Mgogo halisi, mzaliwa wa Bahi, niliyekulia kwenye jua la kupasua kichwa, nilinunua taa ya umeme ili mti wangu upate mwanga. Hapa hapa Dodoma! Cheka tu, hata mama watoto alicheka.

Mambo yalianza hivi. Baba alifariki mwaka 2019. Nyuma ya nyumba yake palikuwa na mbuyu mkubwa, na chini yake ndipo alipopumzisha ng'ombe na kusuluhisha kesi zetu sisi wanawe. Baada ya arobaini nikarudi mjini na ubuyu wa mti ule. Nilichukua mbegu sita, nikazimwagia maji ya moto zilale humo usiku kucha, maana ganda lake ni gumu si mchezo, kisha nikazifukia kwenye kopo. Zikaota mbili. Mche mmoja ukaliwa na kuku wa jirani. Mwaka uliofuata, upepo ukauangusha mbuyu wenyewe kule kijijini. Kwa hiyo mti wa baba ukabaki ni kale kamche kamoja tu.

Rafiki yangu mmoja ndiye aliyeniambia habari za bonsai. Ni ufundi ulioanzia China, Wajapani wakaupalilia mpaka dunia nzima ikaujua kwa jina lao. Unakata mizizi, unapunguza matawi, unapanda mti kwenye chombo cha kina kifupi, nao unazeeka huku ukibaki mdogo. Nikasema hapo hapo: mbuyu wa baba utakaa mezani kwangu!

Na kweli ukakaa mezani. Nje niliogopa kuku na mbuzi, kwa hiyo nikauweka sebuleni, pembeni ya televisheni. Mama mkwe alipokuja akaguna: "Baba, mbuyu haufugwi ndani, una wenyewe!" Mimi nikaona ni mambo ya kizamani.

Baada ya miezi michache mti ukarefuka kama mlingoti, shina jembamba, majani makubwa ya kijani hafifu, unaegemea dirishani kama mtu anayeomba msaada. Badala ya kuutoa nje, mimi nikanunua taa ya mimea ya wati 36, ile inayotoa mwanga wa zambarau. Basi bwana, usiku sebule yangu ikawaka vile, jirani mmoja akaja kuuliza kama tumefungua baa!

Taa ile niliiwasha saa 12 kila siku. Piga hesabu mwenyewe: kwa mwezi inakula karibu uniti 13 za luku. Mama watoto akaanza kunitazama kwa jicho la pembeni. "Jua liko bure pale uani," akasema, "wewe unalinunua dukani."

Nilipoanza kuchunguza, nikabaki mdomo wazi. Jua la mchana kweupe linafika kama laksi 100,000, hicho ndicho kipimo cha mwanga. Sebuleni mwa watu, hata pale unapoona panang'aa, ni mia chache tu. Jicho linazoea, linatudanganya, lakini jani halidanganyiki. Taa nayo nguvu yake hupungua haraka sana kadiri unavyoisogeza mbali, na yangu niliitundika juu kabisa isiharibu sura ya sebule. Mti ulikuwa unaonja, haushibi.

Sisemi taa hizo ni za kitapeli, la hasha. London mwezi Desemba mchana wake ni wa saa 8 hivi, na jua lenyewe hafifu. Anayefuga mti wa nchi za joto kule bila taa anajisumbua. Hata hapa kwetu, mtu wa ghorofani asiye na baraza wala dirisha la maana, taa itamfaa akiiweka karibu na mti. Lakini Dodoma? Tuko zaidi ya meta 1,100 juu ya usawa wa bahari, na mchana wetu ni karibu saa 12 mwaka mzima!

Basi mwezi Mei 2022 nikautoa nje, tena saa sita mchana, papo hapo. Wee! Siku ya tatu majani yakaungua, yakawa kama karatasi iliyopitiwa na moto. Sikujua kwamba mti uliolelewa kivulini hutolewa nje taratibu, jua la asubuhi saa moja au mbili, unaongeza kidogo kidogo kwa wiki mbili hivi. Yakadondoka yote. Juni ikaja na upepo wake wa baridi, na mimi nina kijiti kwenye sinia. Mama watoto akasema nikitupe. Sikumjibu. Siku ile nililia, msomaji, na sikuwa nalilia kijiti.

Kisha nikakwangua gamba kidogo kwa ukucha. Ndani kijani! Nikakumbuka kwamba hata mibuyu ya porini kiangazi husimama mitupu, inaishi kwa akiba iliyomo mwilini. Nikaacha kuumwagilia ovyo, maana ukiunywesha wakati umelala mizizi inaoza. Nikaupanda upya kwenye mchanga wa korongo na kokoto ndogo, nikauwekea wavu wa kuku, nikasubiri.

Novemba, kabla hata mvua haijashuka, asubuhi moja mama watoto ndiye aliyeniita: "Baba Neema, njoo uone!" Vichipukizi vitatu.

Leo shina lake ni nene kama mkono wa mtoto, majani madogo yaliyoshikana, na upo uani juani kutwa nzima. Ile taa nimempa kijana mmoja anayeishi chumba kisicho na dirisha la maana.

Mama mkwe alipouona akasema tu, "Si niliwaambia una wenyewe?" Safari hii sikubisha. Mwenyewe ni baba, naye maisha yake yote hakupenda kukaa ndani.

Haya msomaji, na wewe kachungulie sebuleni kwako. Huenda umefungia kitu kinachotaka jua. Tukutane wiki ijayo!