Uduvi si chakula cha shida, wifi!

Mpenzi msomaji, wiki hii naomba tuongelee mboga ambayo ukiitaja mbele ya wageni, wengine wanakunja pua. Nasema uduvi. Wale kamba wadogo waliokaushwa, wenye vijicho vyeusi kama ncha ya kalamu. Watu wa pwani wanawajua tangu enzi za mababu. Sisi wa bara tukiwaona tunaulizana, "Hivi hii ni mboga au wadudu?"

Swali hilo nililisikia Mikumi, nimeketi kwa mama ntilie kando ya barabara kuu ya kwenda Iringa na Zambia. Mikumi bwana ni mji wa nyama. Malori yanapaki, mishikaki inafuka moshi, na mwenye hela anakula mpaka anafungua mkanda. Lakini ingia ndani kidogo, kwenye mafungu ya kina mama, utakuta dagaa wa Kigoma, dagaa wa Mwanza na, ukibahatika, uduvi kutoka pwani.

Dereva mmoja wa lori, Mzambia, aliwaona uduvi wale akacheka. Akasema kwao wapo kamba wakubwa wenye magando kama ya kaa, tena wanaishi mtoni, kwenye maji baridi! Wenzake wakadhani anapiga fiksi.

Hapana, hakuwa anapiga fiksi. Kamba hao Afrika bara hawakuwepo kwa asili. Wenye wao wa asili ni Madagascar. Wa Zambia walitoka Australia, wakatoroka mabwawa ya kufugia na sasa wameenea Mto Kafue na Ziwa Kariba. Kenya nako, mwaka 1970, waliingizwa Ziwa Naivasha wengine wa asili ya Marekani. Huko walikotoka ni kitoweo cha heshima, watu wanawalipia hela nzuri hotelini. Sasa nikuulize msomaji: mbona ndugu yao mdogo, uduvi, tunamwonea haya?

Tuje kwenye kilichomo. Kamba mbichi, wa bahari au wa mtoni, gramu 100 zake zina protini kama gramu 16 hadi 20. Nyama ya ng'ombe isiyopikwa nayo iko hapo hapo, kama 20. Ila kamba hana mafuta mengi, hayafiki hata gramu 2. Akikaushwa, maji yanaondoka na protini inajikusanya. Gramu 100 za kamba wakavu unaweza kukuta protini gramu 50 hadi 60. Ni kweli hakuna anayekula gramu 100 za uduvi mkavu kwa mlo mmoja, lakini kijiko chake kina kazi.

Halafu kuna vitamini B12, ambayo hutaipata kwenye ugali wala mchicha. Kuna madini ya zinki yanayosaidia mtoto kukua na kupambana na maradhi, na kuna madini joto. Na kwa kuwa uduvi analiwa mzima, gamba na yote, unapata na chokaa ya mifupa. Dagaa naye vivyo hivyo, analiwa na miiba yake. Nyama ya steki haikupi hiyo.

Sasa nisikilize vizuri, hapa ndipo penye uchungu. Kaka yangu anaishi Kilosa na familia yake. Mwanawe wa mwisho alikuwa na mwaka mmoja na nusu nilipofika kuwatembelea, na kadi yake ya kliniki ilinitisha: miezi mitatu mstari wa uzito umelala tu. Nesi alimuuliza wifi mtoto anakula nini. Wifi akajibu kwa kujiamini, "Ugali na mchuzi wa nyama."

Jioni nikakaa nikaangalia sahani. Nyama ilikuwepo, tena nzuri. Finyango kubwa kwa baba, ya pili kwangu mgeni, zilizobaki wakagawana vijana wakubwa. Mtoto akapata ugali uliochovywa mchuzi. Jamani! Mchuzi wa nyama ni maji yenye harufu ya nyama. Protini imebaki kwenye finyango, na finyango limekwenda kwa mwenye ndevu.

Nikatoa pakiti yangu ya uduvi niliyonunua Mikumi. Wifi akaniambia taratibu, "Wifi, nikimpikia huyu mtoto uduvi, majirani watasema tumefilisika." Kaka naye akadakia, "Dada, mwanangu hawezi kulelewa kwa wadudu wakati mimi nina kazi."

Nikamwambia, "Kaka, kazi unayo, lakini mshahara wako mtoto haumfikii mdomoni." Palikuwa kimya, we acha tu. Wifi aliinamisha uso, nikajua maneno hayo alikuwa nayo moyoni siku nyingi ila hana wa kumsemea.

Na si nyumba ya kaka peke yake. Utafiti wa afya wa taifa wa mwaka 2022 ulikuta watoto 3 katika kila 10 wa chini ya miaka mitano wamedumaa. Udumavu hauji kwa njaa tu. Unakuja hata kwenye nyumba yenye magunia ya mahindi, pale mtoto anaposhiba ugali kila siku na kitoweo kinampita juu ya kichwa.

Tulivyofanya ni hivi. Uduvi unawapepeta na kuwachambua, maana waliokaushwa chini wana mchanga. Unawaosha haraka maji mawili matatu, unawakausha tena juani, unawakaanga bila mafuta kwa moto mdogo, kisha unawatwanga na kuwachekecha mpaka unga laini. Weka kwenye kopo kavu lenye kifuniko. Vijiko viwili vya chakula, kama gramu 10, vinampa mtoto protini gramu 5 hadi 6. Wa umri ule anahitaji kama 13 kwa siku, kwa hiyo umekaribia nusu! Changanya kwenye uji au mboga, ongeza karanga za kusaga au mafuta kidogo maana uduvi hana nguvu ya kutosha peke yake, na kamulia ndimu ili madini ya chuma yashike vizuri mwilini. Mlenda, matembele na papai viwepo pia. Vitamini A usiitegemee kwa uduvi.

Tahadhari nazo zipo. Wapo wanaodhurika na kamba, wanavimba midomo na kuwashwa; mtoto mwanzishie chembe kidogo umwangalie, na ukiona dalili kimbilia hospitali. Waliotiwa chumvi nyingi usimpe mtoto. Mwenye gauti apunguze. Na kwa ndugu zetu Wasabato wasiogusa kamba, dagaa wapo, wana mapezi na magamba, na unga wao unafanya kazi ile ile.

Mstari wa kadi ulianza kupanda mwezi wa pili. Sisemi ni uduvi peke yake, maana nesi alitoa na dawa ya minyoo, na wifi akaongeza milo ya katikati ya siku. Lakini kaka sasa ndiye anayemnyofolea mtoto nyama kwanza, kabla hajatia tonge lake.

Kina baba, leo usiku angalieni sahani za watoto wenu. Nyama ikiwa haitoshi, uduvi na dagaa wapo sokoni, na hakuna aliyewahi kufa kwa aibu ya kununua fungu. Wiki ijayo, panapo majaliwa.