Milango ya Kale na Milango Mipya ya Bagamoyo

Katika mji wetu wa Bagamoyo imo milango ya nakshi ya namna mbili, nayo kwa mtazamo wa kwanza yafanana kama ndugu. Yote ina maua na minyororo iliyochongwa, yote ina misumari ya shaba, na katikati umesimama mfaa wenye nakshi toka juu hata chini. Lakini mmoja ulichongwa zamani za biashara ya pembe, na mwenziwe umemalizika juzi kando ya barabara, wangoja mnunuzi wa hoteli. Watu hutuuliza sisi walimu, je, wa kale hutambulikanaje? Swali hili si la mchezo, maana Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 huilinda milango na miimo ya nakshi iliyochongwa kabla ya mwaka 1940, wala haikubali itolewe nchini pasipo kibali.

Huko Marekani nako watu hushindana juu ya jambo kama hili, ila wao habari yao ni magitaa ya umeme. Tangu mwaka 1958 hata 1960 kiwanda cha Gibson, mjini Kalamazoo, kilitengeneza magitaa ya Les Paul yenye uso wa mti wa mepo, ambao mistari yake huonekana kama ndimi za moto. Ukingoni yalitiwa rangi nyekundu, na katikati manjano. Nyekundu ile haikustahimili mwanga: katika gitaa moja ikageuka kama asali, katika jingine ikatoweka kabisa. Siku zile wanunuzi walikuwa wachache. Leo gitaa moja laweza kupita bei ya nyumba nzuri. Basi kiwanda chenyewe kikaanza kuyatengeneza tena kwa mfano wa yale ya kwanza, na sasa mengine huchakazwa kwa makusudi kabla ya kuuzwa. Wenye macho husema kwamba mapya yamezidi uzuri. Mengi ya kale yana mistari hafifu, kwani fundi alitwaa ubao uliokuwapo, bali kwa mapya ubao huchaguliwa.

Vivyo hivyo kwa mlango. Uzee haukai mahali pote sawasawa. Utazame chini, mvua irukiapo na mchwa waanzapo kula. Kisha utazame mfaa, pale mikono ishikapo, pamekuwa laini kama jiwe la mtoni. Halafu inua macho kwenye kizingiti cha juu: huko nakshi ingali kali kana kwamba patasi imeondoka jana. Achakazaye mlango mpya kwa moto na dawa ya viatu huuzeesha wote pamoja, juu na chini. Tena mlango wa kale wa pwani hauna bawaba. Kila ubawa huzunguka juu ya ncha yake, iliyotiwa katika tundu la kizingiti.

Wala hatuidharau milango mipya. Mlango wa mkongo uliochongwa vema twautaka sisi wenyewe kuliko mkongwe ulioliwa nusu. Twachukia udanganyifu tu. Wachongaji wa zamani wengine walichora mwaka juu ya kizingiti. Wa leo nao wafanye hivyo, mnunuzi asome mwenyewe.

Hasara kubwa ni ya mwenye nyumba auzaye mlango wa babu yake kwa siri. Zimo nyumba ambazo miimo imeng'olewa katika ukuta wa mawe na chokaa, na pengo likazibwa kwa matofali ya saruji.