Stesheni za mabati kutoka Mombasa hadi Kisumu

Bati la mawimbi lilipewa hataza London mwaka 1829 kwa jina la mhandisi Henry Robinson Palmer. Nguvu yake iko kwenye mkunjo: bamba jembamba la chuma, ambalo likiwa bapa hulegea, likikunjwa mawimbi hubeba fundi anayetembea juu ya paa. Mwaka 1837 Stanislas Sorel wa Ufaransa akapata hataza ya kuchovya chuma katika zinki. Zinki huliwa kwanza, chuma kikabaki salama.

Reli ilipoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896, mabati yaliifaa kuliko makuti au mbao tupu. Yakipangwa pamoja hayali nafasi melini, mchwa hawayawezi, na cheche za injini ya mvuke haziyaunguzi. Fremu ya mbao ilisimamishwa, kuta na paa zikavikwa bati, kazi ikasonga mbele pamoja na reli.

Katika njia hii kitu ninachokitazama kwanza kituoni ni upenu. Hapo ndipo ufundi unapoonekana wazi. Msumari hupigwa juu ya mgongo wa wimbi, kamwe si bondeni, ili maji yapite bila kukuta tundu. Bati la juu hulalia la chini, na ubavuni kila moja humfunika jirani yake kwa wimbi zima au zaidi. Kwenye ncha, mfereji hupeleka mvua kwenye tangi, neema kubwa katika nyika ya Taru na Tsavo ambako mito ni haba.

Pwani, chumvi ya bahari hula zinki mapema. Kuanzia Voi hadi Makindu hewa ni kavu na kutu huenda polepole, ila jua hugeuza chumba cha bati kuwa tanuri. Ndiyo maana kibaraza kipana si pambo: hukinga ukuta na jua, na abiria hupata kivuli.

Reli ilifika Nairobi Mei 1899, na mji ukaanza kwa mahema na mabati. Makumbusho ya Reli, yaliyofunguliwa humo mwaka 1971, yamehifadhi behewa ambamo simba alimuua afisa wa polisi Charles Ryall kituoni Kima mwaka 1900. Baada ya Nairobi reli hupanda hadi Limuru, zaidi ya mita 2,000, kunakohitajika mbao ndani ya kuta kuzuia baridi. Ilifika Kisumu Desemba 1901.

Treni ya reli mpya iliyofunguliwa mwaka 2017 ilichukua abiria wa Mombasa na Nairobi, vituo vingi vya zamani vikapoa. Upande wa Kisumu, ambako treni za abiria zilikuwa zimesimama, abiria walirudi mwishoni mwa 2021. Majengo haya yanastahili kutunzwa, na utunzaji wenyewe si mgumu: kukwangua kutu, kupaka rangi ya kuzuia kutu kabla ya rangi ya juu, kuzibua mifereji, na palipooza kuweka bati la geji nene lenye mawimbi yanayolingana na ya zamani.