Wote Wasipotia Sahihi

Vyote ving'aavyo si dhahabu. Methali hii niliifundisha miaka mingi pasipo kutambua kwamba, ukiifuata neno kwa neno, inasema dhahabu haing'ai. Hapa Rwamgasa, penye maduara na makarasha, asemaye hivyo atachekwa. Tunaielewa kwa kuwa dhahabu tunaijua, wala si sarufi iliyotuongoza. Imo hata katika ile tamthilia ya Shakespeare aliyoitafsiri Mwalimu Nyerere mwaka 1969, Mabepari wa Venisi, na Kiingereza chake kina utata uo huo.

Nilipokwisha kustaafu, vijana watano waliochimba duara moja waliniletea mkataba wao wa Kiingereza niwatafsirie. Kifungu kimoja nilikigeuza hivi: "Wote wasipotia sahihi, mawe yasigawanywe." Sauti yake ilinipendeza.

Siku ya mgao wanne walitia sahihi. Wa tano alikuwa Shinyanga akimuuguza mama yake. Wenzake wakasoma kwamba kinachozuia mgao ni wote watano kukosa kutia sahihi; wao wametia, basi wagawane. Viroba vikaenda karasha. Kijana aliporudi alikuja kwangu.

"Shikamoo, Mwalimu. Karatasi yako imenila."

Nikaitikia marahaba, nikakosa la kuongeza.

Kanusho "-sipo-" limo ndani ya kitenzi, "wote" limesimama nje. Lipi linamtawala mwenzake? Je, hakuna aliyetia sahihi, au idadi haikutimia tu? Kiingereza cha mkataba kilikuwa na mtego huohuo, nami niliuvusha bila kuukagua. Sidai kwamba wale wanne hawakujua walitendalo, huenda walijua. Ila mlango niliwafungulia mimi.

Usiku ule nilijaribu dawa. "Hata mmoja asipotia sahihi": hapa akikosa mmoja, mgao umezuiwa. "Asipotia sahihi hata mmoja": hapa sharti wakose wote. Maneno ni yaleyale, yamehama viti tu, na mmoja wa wachimbaji amekwisha kupoteza haki yake! Mwishowe nikaliondoa kanusho lenyewe: "Mawe yatagawanywa baada ya kila mmoja wa hao watano kutia sahihi." Sentensi haina ladha. Wanafunzi wangu wa zamani ningewakata alama kwa ubutu wa namna hii.

Wenzake walimrudishia viroba viwili. Fungu lake lilikuwa sita. Vinne vilivyosalia, kwa pensheni yangu, sijaona namna ya kuvilipa.