Hodi za Mwaka 1983

Nyumba yetu ya Magomeni ilikuwa nyumba ya Kiswahili hasa: baraza mbele, ukumbi katikati, vyumba huku na huku, uani nyuma. Mchana mlango haukufungwa. Mtu alipiga hodi akiwa ameshaingia ukumbini, na yeyote aliyemsikia aliitika "karibu" bila kuuliza ni nani.

Machi 1983 ukaanza msako wa wahujumu uchumi, Waziri Mkuu akiwa Edward Sokoine. Wengi waliufurahia, na sioni kwa nini tuwalaumu. Sukari na sabuni zilipatikana duka la kaya kwa foleni, au mlango wa nyuma kwa bei ya ulanguzi. Wapo waliofulia majani ya mpapai. Lakini msako ulipofika mitaani, hakuna aliyejua ni kilo ngapi za sukari zinazomfanya mtu mhujumu. Wenye mali nyingi walizitupa vichakani usiku. Wenye kidogo walibaki nayo, wakitetemeka.

Mama alikuwa muuza vitumbua, na chini ya kitanda chake palikuwa na gunia la sukari lililofika nusu.

Basi tukaanza kuzichambua hodi. Balozi wetu wa nyumba kumi alikohoa kwanza, ndipo akaita. Shangazi aliivuta hodi yake tangu barabarani. Mgambo, tulivyoambiwa, hawapigi hodi, wanagonga.

Usiku mmoja baada ya Isha ikaja hodi tusiyoijua, sauti ya mwanamume, imekauka. Mama akazima koroboi.

"Mwanangu, mgeni hafungiwi mlango," bibi akanong'ona.

"Mgeni angetaja jina, mama."

Hodi ya pili. Bibi akaanza kuinuka, mama akamshika khanga. Ya tatu ikapita, kisha nyayo zikaondoka, maana dini inamtaka aliyebisha mara tatu bila kuitikiwa arudi zake. Huyo nje aliijua adabu hiyo. Nadhani ndicho kilichomuumiza bibi kuliko yote: mgambo gani angehesabu hodi?

Alikuwa mjomba, kaka yake mama, katoka Rufiji na kikapu cha mchele. Alilala msikitini. Asubuhi alipoingia hakulaumu, alisema tu alidhani tumehama. Bibi hakugusa chai.

"Sukari hiyo itoke," alimwambia mama, "au nitoke mimi."

Mama akaikaanga yote, kashata na visheti, akauza kwa bei ya kutupa, na watoto wa mtaa wakapata sikukuu isiyo na mwezi. Biashara ya vitumbua ikalala kwa muda mrefu.

Sokoine alifariki kwa ajali ya gari huko Dakawa, Morogoro, tarehe 12 Aprili 1984. Mwaka huohuo wenye fedha zao za kigeni wakaruhusiwa kuagiza bidhaa, na maduka yakaanza kupata vitu. Mama akarudi kwenye vitumbua vyake. Mjomba naye hakuacha kuja, ila tangu usiku ule hakufunga safari kabla ya kututumia salamu kwa utingo wa basi.